Noti kwenye Paji la Israël

Point, Durban
20 Januari 2025

Baba Israël,

Salamu tulishapeana kwa simu jana na habari za mgongo wako nimezisikia, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja kwenye ugomvi. Sheria ya Marie-Claire ingali palepale: simu ni ya salamu na magonjwa, besiboli ni ya barua. Mke wangu hajasahau siku ile tuliyopigiana kelele kwenye simu mpaka mteja akainuka kitini na nusu ya kichwa haijanyolewa, akaenda kumalizia kwa jirani. Mimi naikubali sheria. Kwenye barua angalau huwezi kunikatiza.

Sasa sikiliza. Jumamosi mwanao aliwafanyia wale wa timu ya Kijani kitu ambacho sijui nikieleze namna gani. Unakumbuka tulipokwenda uwanjani mara ya kwanza, tukiwa hatujui hata mpira unapigwa kuelekea wapi, tukishangilia kila ulipotoka nje kwa sababu tulidhani ni goli? Leo mimi ndiye ninayewafundisha wateja wangu. Nasimama nao nyuma ya wavu nawaambia: mtazameni yule aliye juu ya kichuguu pale katikati, ndiye mrushaji, mchezo wote unaanzia mkononi mwake. Akirusha mpira mzuri mara tatu na mpigaji asiuguse kwa gongo lake, mpigaji anarudi kukaa.

Basi Israël aliwarudisha kukaa mpaka benchi lao likaonekana dogo. Mkono ule wa kushoto, Ladislas! Mpira unatoka kama unakwenda kwa mtu mwingine kabisa, halafu unakata kona dakika ya mwisho. Mpigaji mmoja alipiga hewa kwa nguvu mpaka akapiga goti. Na kila anapomtoa mtu, mwanao anavua kofia taratibu, anapitisha kiganja juu ya nywele, juu ya ile laini niliyomchonga Ijumaa kwa wembe, anavaa kofia, kisha anamtazama mpigaji usoni mpaka anapofika kwenye benchi. Kichwa kiko juu muda wote. Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kukuandikia.

Mzee mmoja wa upande wa Kijani akasema kwa sauti kwamba kijana yule anahitaji kufundishwa unyenyekevu. Nikamwambia, "Mzee, ungekuwa na mkono ule ungelala umevaa kofia hiyo." Watu wakacheka, yeye akanuna.

Na huko ndiko ninakotaka tugombane. Mimi nasema nyota akiwa nyota aonekane. Sikwenda uwanjani kumtazama mtu anayejificha. Nyumbani kwangu, tangu umwache kwetu ukaenda kutafuta kazi Kimberley, sauti yake husikii, anaosha vyombo bila kuambiwa, anamwita Marie-Claire "maman" na kumwachia kiti. Basi kama ana mahali pamoja duniani pa kuinua kichwa, kwa nini asiinue hapo? Najua utakavyojibu. Ninyi Warundi mtu akiwasifia shati mnaomba msamaha.

Nakungoja,
Serge


Kimberley
30 Januari 2025

Ndugu Serge,

Barua yako nimeisoma karakanani wakati wa chakula, nikacheka mpaka fundi mwenzangu akaniuliza kama nimepata urithi. Wewe unanyoa watu, ndiyo maana unapenda vichwa vilivyoinuliwa. Vinarahisisha kazi.

Nikujibu kwa utulivu. Mrushaji niliyempenda mimi katika ligi ile alikuwa Jean-Bosco, kabla hajaumia goti. Alikuwa akirusha mpira wa ajabu, watu wanapiga mayowe, naye anatazama viatu vyake, utadhani mpira umerushwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Ukimpongeza anakuonyesha mdakaji, anasema huyo ndiye aliyefanya kazi. Mimi nilikuwa nikirudi kiwandani kule Jacobs, Durban, Jumatatu, kabla hawajatupunguza kazini, na kumbukumbu ya mtu yule ilinitosha wiki nzima. Mtu anayeweza namna ile na bado hadai kitu! Nyota wa namna hiyo hata aliyeshindwa anaweza kumpenda.

Halafu kuna jambo ambalo wewe hupendi kuliongelea. Sisi ni wageni, Serge. Karatasi zetu zina tarehe ya kwisha. Kichwa cha mgeni kikiinuka kinaonekana kutoka mbali, na si kila anayekiona anafurahi. Mimi nimeishi nchi hii miaka ishirini kwa kutoonekana, na nimeishi salama. Ningependa mtoto wangu naye aishi salama.

Unasema simsifu. Husemi, lakini nakusikia. Kwetu baba hamsifu mtoto usoni. Baba yangu alikuwa akinitazama nikilima, na asiponisahihisha nilijua amefurahi. Nyumbani kwangu kazi ya kusifu ilikuwa ya Epiphanie, mama yake Israël. Alikuwa akisema kwa niaba yetu wawili, na alisema sana, unamjua. Tangu tumzike sijajifunza kuifanya kazi ile, na kwa umri huu sidhani kama nitajifunza.

Mpira ule unaokata kona dakika ya mwisho, unakata kwenda chini au kwenda pembeni? Hukusema. Na je, anafunika bega usiku? La kushoto. Ule upepo wa bahari kwenye dirisha lenu si mzuri kwa bega la mrushaji. Usimwambie nimeuliza.

Andika upesi. Pochini mwangu nina stempu moja ya kubandika, naitunza tayari kwa majibu, maana najua hutanyamaza.

Ladislas


Point, Durban
17 Februari 2025

Baba Israël,

Mpira unakata kwenda chini na pembeni kwa pamoja. Bega linafunikwa. Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali. Tuko mbele kwa pointi moja, na wale Bluu wana watu watatu uwanjani, mmoja katika kila kituo, wakisubiri mpigaji aguse tu ili wakimbie nyumbani, kile kituo cha mwisho, watupite. Kocha alitoka kumuuliza Israël kama amechoka. Israël akatikisa kichwa. Akarusha. Wa kwanza akarudi kukaa. Wa pili akarudi kukaa. Wa tatu alikuwa jitu, gongo mkononi mwake linaonekana kijiti cha meno. Mipira miwili ya haraka, halafu Israël akampelekea mmoja wa polepole, wa taratibu kabisa, yule jitu akamaliza kupiga kabla mpira haujafika! Uwanja ukapasuka kwa kelele.

Mimi, ndugu yangu, miguu yangu ilikwenda yenyewe. Ungefanya nini? Kwetu Kongo mwimbaji akikugusa moyo harusini humpigii makofi tu, unainuka mbele za watu, unambandika noti kwenye paji la uso, kila mtu aone kwamba ameimba. Nilipitia mlango wa wavu, nikakimbia mpaka kwenye kichuguu, nikamfuta jasho kwa kitambaa changu cha saluni, nikambandika noti. Two hundred, mpya, haijakunjwa. Nikamwambia maneno mawili matatu sikioni, hayakuhusu. Marie-Claire akapiga vigelegele. Na Israël akainua uso juu, akacheza hatua nne tano akiwa na noti ile kwenye paji, na nakuambia hata mchungaji wetu angekuwepo angecheza.

Lakini eish, wenzetu hawakuelewa. Refa akasimamisha mchezo. Bluu wakasema mchezaji analipwa, wengine wakasema ni kamari, wengine wakasema amecheza ngoma kuwadharau. Tulikaa tukibishana muda mrefu kabla ya kuendelea. Tulishinda, tuko fainali dhidi ya Kijani, lakini barua ya kamati ya ligi imefika leo. Mimi nimefungiwa, nisikanyage uwanjani mpaka msimu uishe. Hiyo nitaibeba. Kibaya ni hiki: jina la Israël kwenye orodha ya majaribio ya timu ya jimbo limesimamishwa, na fainali hachezi, mpaka kamati imsikilize tarehe 22 Machi. Na kwa kuwa ana miaka kumi na saba, mzazi wake lazima aandike barua kwamba mtoto ametambua kosa lake na kwamba atajiheshimu kwa unyenyekevu. Neno lenyewe ndilo walilotumia. Utafurahi.

Andika, Ladislas. Ila nakuomba usiandike kwamba ana aibu. Hakufanya jambo la aibu.

Serge


Kimberley
24 Februari 2025

Serge,

Umemfanyia mtoto wangu harusi katikati ya kazi.

Sijui nianzie wapi. Nilikuandikia juu ya kuonekana kutoka mbali, na kabla mwezi haujaisha ukamtia pesa usoni mbele ya uwanja mzima. Wewe ni mtu mzima, mila yako ni nzuri, nimeiona harusini kwako na nikaipenda. Lakini mbona hukufikiri? Na yeye mbona hakuitoa ile noti? Kuitoa na kukurudishia ni kitendo kidogo. Jean-Bosco angeitoa. Badala yake akainua uso na kucheza, mbele ya watu aliokuwa ametoka kuwashinda.

Barua ya kamati nitaiandika kama wanavyotaka. Nitaandika kwamba mimi baba yake nimeaibika. Na yeye umsomee maneno haya, neno kwa neno, usiyatie sukari:

"Israël, mtu niliyemlea mimi hachezi ngoma mbele ya walioshindwa. Kipaji hukukitengeneza wewe. Nimesikia habari zako nikaona aibu mbele ya watu ninaofanya nao kazi. Usipojifunza kuinamisha kichwa, afadhali uache kurusha."

Umsomee.

Ladislas


Point
24 Februari 2025

Jambo Baba,

Kiswahili yangu ya kuandika iko mbaya, unisamehe. Nimemwambia maman Marie-Claire asinisaidie, nataka iwe yangu.

Nataka kusema asante kwa ile noti.

Tonton Serge alikuja mbio, mimi nilifikiri iko shida, nilifikiri mtu amekufa. Halafu akanibandika na akaniambia kwa sikio, "Hii si yangu. Iko ya baba yako. Alinituma." Mimi sikujua kama wewe unajua mambo ya kubandika. Nilijua ni ya Wakongo tu. Nikafikiri, sasa Baba alipanga hii yote kule Kimberley, akamtumia tonton pesa, akamwambia, siku akirusha vizuri umbandikie. Na mimi nilirusha vizuri ile siku, Baba, naweza kukuambia hiyo.

Watu wanasema nilikuwa najivuna kwa sababu niliinua uso. Niliinua uso ili noti isianguke. Jasho ilikuwa nyingi. Niliogopa ianguke kwenye udongo, ndiyo hiyo tu. Kucheza, ndiyo, nilicheza. Sikucheza kwa wale Bluu. Sikuwaona hata.

Refa alitaka nimpe ile noti, sikumpa. Niliiweka ndani ya kofia, sasa iko kwa Biblia ya mama.

Kama unasema niombe kamati msamaha, nitaomba, sharp. Kama unasema niiname, nitainama. Lakini noti sirudishi.

Je, unajua lini utakuja?

Mtoto wako,
Israël


Kimberley
3 Machi 2025

Serge,

Nimepata barua ya Israël. Imepishana njiani na yangu.

Ile aya niliyokuambia umsomee, umemsomea? Kama hujamsomea, usimsomee. Chana. Nijibu kwa simu, vunja sheria, neno moja tu linatosha. Sitalala vizuri mpaka nijue.

Halafu baadaye, kwa barua, unieleze kwa nini ulimwambia hivyo.

Ladislas


Point, Durban
10 Machi 2025

Ladislas ndugu yangu,

Neno moja nililokutumia kwa simu ndilo hilohilo narudia hapa: sikumsomea. Nilifika kwenye neno "aibu" nikaikunja barua, nikaitia mfukoni mwa koti la kazi, na Marie-Claire akaichoma jikoni bila kuniuliza. Alikuwa ameisoma.

Sasa unaniuliza kwa nini. Ukweli wenyewe ni huu, na ukasirike ukitaka. Kila Jumamosi tukitoka uwanjani mimi nakuandikia, au nakupigia kukusalimu. Na kila mara mtoto huyu ananiuliza jambo moja tu, akiwa ameshika sahani mkononi, akijifanya haulizi: "Baba amesema nini?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, kwamba baba amesema ufunike bega. Lakini nilimwona uso. Basi nikaanza kukutungia maneno, Ladislas. Nilimwambia baba amesema ule mpira wa kona ni mzuri. Baba amesema amefurahi. Baba amewaambia wenzake wote karakanani. Mwaka mzima nimekuwa baba yake kwa kinywa changu, na nilikuwa nafanya vizuri! Ungekuwa baba mtamu sana. Siku ile kwenye kichuguu, nilipombandika noti, nikatazama macho yake nikaona kwamba yangu haitoshi. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kule kwenye mlango wa wavu, kama kuna mtu mwingine anakuja. Ndipo nikasema ile ya "baba yako alinituma".

Nilidanganya. Lakini sikudanganya sana, maana wewe unampenda, unauliza mpira umekata kwenda wapi, unauliza bega. Mtu asiyejali haulizi habari za dirisha la nyumba ya watu.

Na kuhusu ubishi wetu, naongeza hili kwa upole. Wewe unadhani mtoto anainua kichwa kwa sababu amesifiwa kupita kiasi. Mimi naishi naye. Anainua kichwa kwa sababu anatafuta mtu kwenye umati.

Kamati ni tarehe 22. Utaandika nini?

Serge


Kimberley
14 Machi 2025

Ndugu Serge,

Sikasiriki. Nilitaka, nikashindwa.

Humu ndani utakuta noti, two hundred, mpya, nilikwenda kuibadilisha dukani ili isiwe na mkunjo. Ichukue. Usibishe. Sasa ile iliyokuwa kwenye paji la Israël ni yangu, na ulilomwambia sikioni si uongo tena, limechelewa tu kuwa kweli.

Na hii hapa ni barua ya kamati. Marie-Claire aitafsiri kwa Kiingereza chake cha ofisini, asipunguze kitu.

"Kwa waheshimiwa wa kamati ya ligi,

Mimi ni Ladislas, baba mzazi wa Israël, mrushaji wa timu ya Pelikani. Mmeniomba niandike kwamba mwanangu ametambua kosa na kwamba ni mnyenyekevu.

Juu ya pesa: hakulipwa na mtu. Ile noti ilikuwa yangu. Nilikuwa mbali, na rafiki yangu aliibandika kwa niaba yangu, kwa mila ya kwao ambayo kwayo mtu aliyefanya kazi nzuri anaheshimiwa mbele za watu. Rafiki yangu hakujua kwamba uwanjani mtu haingii mchezo ukiendelea. Mmemfungia, ni haki yenu, naye amekubali.

Juu ya kucheza: mwanangu alikuwa anamshukuru baba yake. Hakuwa akiwatazama Bluu. Kama waliumia, nawaomba radhi mimi.

Juu ya unyenyekevu: nimeupigania maisha yangu yote na nilidhani naujua. Siwezi kuwaandikia kwamba ana aibu, kwa sababu hana, na mimi sina. Kama kosa ni kuinua kichwa, andikeni kwamba alikuwa na sababu, na sababu hiyo iko Kimberley.

Nawaheshimu,
Ladislas"

Nilipomaliza kuiandika niliisoma tena mara mbili. Miaka ishirini sijaandikia ofisi yoyote barua isiyoomba kitu.

Ladislas


Kimberley
31 Machi 2025

Serge rafiki yangu,

Jumamosi tulipungiana mikono tu kupitia dirisha la taxi, wewe kando ya ukuta wa uwanja na mimi nakimbilia basi, na tangu hapo hatujasema neno. Najua unaumia kwa hamu. Najua pia kwamba Israël amekuambia tulishindwa, na hakukuambia kingine, maana nyumbani hasemi. Na kwenye simu sheria ni sheria. Basi leo mimi ndiye nitakayekusimulia, na wewe ndiye usiyekuwepo. Nikatize ukiweza.

Kamati ilipomruhusu kucheza sikumwambia mtu nitakuja. Nilipanda basi la Ijumaa, nikafika Durban asubuhi, nikanawa uso stesheni. Uwanjani sikukaa upande wetu. Angeniona, na nilitaka kumwona yeye kwanza bila yeye kuniona. Nikakaa kwa Kijani, na kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kando ya mzee mmoja mwenye kofia ya kijani na mdomo mkali. Nadhani ni yule uliyegombana naye mwezi wa kwanza. Hakuacha kulalamika tangu Israël alipopanda kwenye kichuguu. "Mtazame, mtazame anavyovua kofia, anadhani yuko televisheni."

Mimi nikatazama. Serge, kwa nini hukuniambia? Uliniambia, najua, uliniambia kila wiki, lakini mimi nilisoma kwa kichwa kigumu. Amekuwa mrefu. Anaporusha mguu wa kulia unapanda mpaka kifuani, mwili wote unajikunja, kisha mkono ule unatoka nyuma ya sikio na huoni tena kitu, unasikia tu mpira ukilia ndani ya glavu ya mdakaji. Ile kona ya dakika ya mwisho nimeiona kwa macho yangu. Inakwenda chini na pembeni, kama ulivyosema. Mpigaji wa nne alipopiga hewa, yule mzee akatikisa kichwa, akasema polepole, kama mtu anayeng'olewa jino, "Lakini kijana anarusha." Nikafungua mdomo nikamwambia, "Huyo ni wangu." Sikupanga kusema. Nilisikia sauti yangu nikageuka kuona nani amesema. Mzee akanitazama juu mpaka chini, akasogea anipe nafasi zaidi kwenye benchi.

Tulikuwa mbele mpaka zamu ya mwisho. Kijani wana mtu mmoja kwenye kituo, mmoja tu wa kutoa na kombe ni letu. Mpigaji wao alikuwa kijana mwembamba, simjui jina. Israël akampelekea ule wa polepole, uleule uliommaliza jitu la Bluu. Lakini huyu alisubiri. Alisubiri, Serge, kwa utulivu, akaupiga, ukapanda juu ya taa, ukapita ukuta, ukatoka kwenda barabarani kwako. Nimesikia kutoka kwa Marie-Claire kwamba uliuokota na ukacheza nao pale nje, ukidhani ni sisi tuliopiga. Samahani, ndugu yangu. Uliwachezea Kijani.

Wanakimbia wawili wale kuzunguka vituo, pointi mbili za kutupita, upande wangu wote umesimama unapiga mayowe, na mimi katikati yao nimekaa. Nikamtazama mtoto wangu. Nilikuwa na hofu ya kumtazama. Nikasema moyoni, sasa ndiyo atainama, na nikagundua kwamba sitaki ainame. Mimi! Nilikuwa namwomba Mungu asiiname.

Akavua kofia taratibu. Akapitisha kiganja juu ya nywele. Akavaa kofia, akageuka, na akamtazama yule kijana mwembamba usoni, kutoka kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka alipofika nyumbani, kichwa kiko juu vilevile kama siku zote. Halafu akashuka kwenye kichuguu, akamwendea katikati ya wenzake waliokuwa wanamrukia, akampa mkono. Yule mzee kando yangu akavua kofia yake ya kijani akaishika magotini, hakulalamika tena.

Miezi hii yote tumebishana kama nyota anapaswa kuwa mnyenyekevu. Mimi sijui nilichokiona Jumamosi kinaitwaje. Hakuinama kwa aliowashinda wala kwa aliyemshinda, na wote aliwapa macho yaleyale. Jean-Bosco alikuwa mtu mzuri na nitampenda daima, lakini sikumbuki kama aliwahi kumtazama mtu aliyempiga. Kwa hiyo ushindi wa barua hizi ni wako, na usinitambie sana.

Nilingoja mpaka refa alipokusanya mipira yake. Nikamwendea nikamuuliza kama naweza kuingia sasa. Akasema, "Mchezo umekwisha, mzee, ingia." Nikaingia.

Israël alikuwa amekaa chini ukingoni mwa kichuguu anafungua viatu. Akaona viatu vyangu kwanza. Akasimama haraka, kiatu kimoja mguuni.

"Baba? Tumeshindwa."

"Nimeona."

"Ule wa mwisho nilikosea. Ilipaswa niurushe haraka."

"Ulikuwa mzuri," nikamwambia. "Yeye alikuwa mzuri zaidi mara moja. Wewe ulikuwa mzuri siku nzima."

Nilifungua pochi. Noti sikutaka, kamati isije ikaanza upya, na kusema kweli ya basi ilikuwa imebaki peke yake. Nikatafuta mule ndani mpaka nikapata kitu cha kubandika. Nikamfuta jasho kwa kiganja changu, kitambaa sikuwa nacho, nikambandika kwenye paji. Nikamwambia, "Hii hakuna aliyetumwa. Nimeileta mwenyewe."

Kile kitu kina gundi, Serge, hakiwezi kuanguka. Lakini mtoto aliinua uso juu vilevile, akaushikilia hivyo, macho yamefumbwa, na alikuwa analia. Hata kwenye taxi kuelekea stesheni alikaa vile, na abiria wote walimtazama, na mimi sikujali walitutazama kutoka mbali kiasi gani.

Majina ya timu ya jimbo yatasomwa wiki hii. Utayajua kabla yangu, kwa hiyo unipigie. Tuseme ni salamu.

Barua hii dereva wa basi atakuletea saluni kwa mkono, mpe kahawa. Usiniulize kwa nini bahasha haina stempu.

Baba Israël